Berlin na Kraków kwa Siku Tisa: Mwongozo Kamili wa Msafara wa Wanafunzi wa Historia

Miji miwili inatosha. Ziara zinazouzwa kwa vikundi vya shule mara nyingi hubeba miji mitano au sita kwa siku kumi, na mwanafunzi hurudi nyumbani akikumbuka vyoo vya barabarani kuliko alichokwenda kujifunza. Mwongozo huu unafuata njia moja tu: mnalala Berlin siku nne, Kraków siku nne, kisha mnarudi kupitia Warsaw. Hesabu zake ni za watu 23, yaani wanafunzi 20 wa kidato cha tatu kwenda juu na walimu watatu, wakitokea Tanzania au Kenya. Walimu wawili wangetosha kuwasimamia. Wa tatu ni wa dharura, maana mtoto akilazwa hospitali lazima mwalimu mmoja abaki naye na wengine waendelee. Wawemo wa kike na wa kiume.

Tarehe kwanza

Desemba inavutia kwa sababu shule zimefungwa, lakini jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi jioni mwezi huo, na la Kraków mapema zaidi. Sehemu kubwa ya ziara hii iko nje, kwenye viwanja vya upepo, na mtoto wa Tanga au Mombasa aliyevaa sweta moja hatasikiliza chochote baada ya nusu saa. Juni hadi Agosti jua hukaa hadi usiku na koti jepesi la mvua linatosha. Ubaya wake ni kwamba huo ndio msimu wa watalii, kwa hiyo nafasi zinawahiwa. Anzeni maandalizi miezi minane kabla.

Fikeni Berlin siku ya Jumanne. Makumbusho kadhaa ya Berlin hufungwa Jumatatu, masinagogi ya Kraków hufungwa Jumamosi, na siku ya Jumapili maduka mengi ya Ujerumani na Poland hayafunguliwi kabisa. Ukianza Jumanne unazikwepa siku hizo karibu zote, na Jumapili mnakuwa Kraków mnatembea, hamhitaji duka. Nunueni maji na mkate Jumamosi.

Majina

Hapa ndipo misafara yetu mingi hukwama. Jina la mwanafunzi litaandikwa kwenye pasipoti, fomu ya viza, tiketi ya ndege, bima, kibali cha kuingia Auschwitz (kambi ya mauaji ya utawala wa Hitler huko Poland, leo makumbusho) na orodha ya wageni wa bunge la Ujerumani. Kote huko linatakiwa liwe lilelile, herufi kwa herufi. Sasa chukua mtoto ambaye cheti cha kuzaliwa kinasema Muhammad, rejesta ya shule inasema Mohamed, na barua ya mzazi inasema Mudi Juma. Kwetu ni mtu mmoja. Kwa afisa wa viza ni watu watatu.

Fanyeni hivi. Pasipoti zikishatoka, mwalimu mmoja, na awe huyohuyo hadi mwisho, aandike orodha ya watu 23 akinakili mistari miwili ya herufi kubwa iliyo chini ya ukurasa wa picha. Safu ziwe: namba ya msafara (1 hadi 23), jina la ukoo, majina mengine, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya mwisho ya pasipoti. Mwalimu wa pili akague kila herufi akiwa na pasipoti mkononi. Kuanzia siku hiyo hakuna anayeandika jina kwa kichwa; kila fomu inanakiliwa kutoka orodha hiyo. Ikiwa rejesta ya shule haifanani na pasipoti, barua ya shule ifuate pasipoti. Ikiwa jina la mzazi kwenye ridhaa halifanani na lile la cheti cha mtoto, apatikane wakili wa kuandaa kiapo mapema, si wiki ya mwisho.

Viza

Viza moja ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zenye utaratibu mmoja wa viza, inatosha kwa nchi zote mbili. Huombwa kwa nchi mtakayokaa muda mrefu zaidi. Muda ukilingana, kwa nchi mtakayoingia kwanza. Kwa ratiba hii ya nne kwa nne, ombi linakwenda Ujerumani kwa sababu ndege inatua Berlin. Mkiongeza hata siku moja Kraków, ombi linahamia Poland. Kwa hiyo ratiba ifungwe kabla ya fomu kujazwa.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15 lakini unaweza kufika 45, kwa hiyo pelekeni angalau miezi mitatu kabla. Foleni ya kupata miadi ya watu 23 nayo ina muda wake. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai walau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari ifikie euro 30,000 na itaje nchi zote za Schengen. Picha ni milimita 35 kwa 45. Alama za vidole huchukuliwa kuanzia miaka 12, hivyo kila mwanafunzi aende mwenyewe. Kwa aliye chini ya miaka 18, wekeni ridhaa ya wazazi wote wawili; mmoja akiwa marehemu, cheti cha kifo; mmoja akiwa hajulikani alipo, kiapo.

Kuna jambo ambalo shule nyingi hazilijui. Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima, lakini kanuni za Schengen zinawasamehe ada hiyo wanafunzi na walimu wanaofuatana nao, iwapo safari ni ya masomo. Msamaha hauji wenyewe. Barua ya mkuu wa shule itamke wazi kuwa ni safari ya masomo, itaje somo, kidato na ratiba ya kila siku, na orodha ya watu 23 iambatanishwe. Barua iliyoandika “ziara ya kutalii” inakulipisha. Kituo cha kupokea maombi bado kinaweza kudai ada yake ya huduma.

Masomo matano kabla ya ndege

Mwongozaji wa Auschwitz atazungumza Kiingereza, tena kwa kasi, akidhani kila msikilizaji anajua mwaka 1933 kulitokea nini. Bila maandalizi, mtoto ataona matofali tu. Vipindi vitano vya saa moja moja vinatosha: mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, Maji Maji na Vita vya Kwanza vilivyopiganwa kwenye ardhi yetu hadi Novemba 1918, Hitler kuingia madarakani 1933, vita vilivyoanza Septemba 1, 1939, na ukuta uliogawa Berlin, 1961 hadi 1989. Toa karatasi moja ya msamiati: geto (mtaa waliofungiwa Wayahudi), kambi ya mateso, kambi ya maangamizi, kuhamishwa kwa nguvu. Tofauti ya kambi hizo mbili ieleweke mapema. Sachsenhausen, karibu na Berlin, ilikuwa kambi ya mateso na kazi ya kulazimishwa. Birkenau, sehemu ya Auschwitz, ilijengewa vyumba vya gesi vya kuua halaiki.

Shule zilizo karibu na Arusha zina bahati. Tengeru palikuwa na makazi ya wakimbizi wa Kipoland wapatao 5,000, waliofika kuanzia 1942 baada ya kupelekwa Urusi kwa nguvu na kutokea Uajemi, na makaburi yao yapo mpaka leo. Nusu siku hapo hufanya neno “Poland” liache kuwa la kwenye ramani tu.

Berlin

Siku ya kwanza msipange kitu. Foleni ya mpakani ni ndefu kwa sababu kila mgeni hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na watoto hawajalala. Tembeeni mtaa mmoja, mle, mlale.

Tiketi za treni za mjini zieleweke kabla ya kupanda. Kuna kanda tatu, A, B na C. Ipo tiketi ya siku ya kikundi kidogo cha hadi watu watano, nafuu kuliko ya mtu mmoja mmoja. Watu 23 wanahitaji tano, na wenye tiketi moja husafiri pamoja, kwa hiyo gawa msafara kwenye vikundi vitano na kila kikundi kiwe na kiongozi anayeshika karatasi. Tiketi ya mashine igongwe muhuri kwenye kisanduku kabla ya kupanda. Isiyogongwa ni sawa na hakuna tiketi, na faini ni euro 60 kwa kila mtu. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida na hawasikilizi maelezo. Kanda za AB zinatosha siku za mjini. Uwanja wa ndege na Sachsenhausen viko C.

Jumatano anzeni lango la Brandenburg, kisha mshuke Wilhelmstraße hadi namba 92. Usitegemee jumba. Lililopo ni bango la maelezo mahali lilipokuwa jumba la Bismarck, kansela wa Ujerumani, ambamo katika mkutano wa 1884 hadi 1885 Afrika ilijadiliwa bila Mwafrika hata mmoja mezani. Kila mwanafunzi amekariri mkutano huo kwa ajili ya mtihani, na mshangao wa kukuta majengo ya kawaida ya kuishi watu ni somo lenyewe. Dakika chache kwa miguu ndipo ilipo kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa, nguzo 2,711 za zege za urefu usiolingana. Sheria mbili zitamkwe kabla ya kuingia: hakuna kupanda juu wala kuruka kutoka nguzo hadi nguzo, na hakuna picha za mapozi. Baada ya chakula nendeni Topographie des Terrors, palipokuwa makao ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, na SS, kikosi cha silaha cha chama chake. Kuingia ni bure. Jioni pandeni kuba la bunge, Reichstag, nalo ni bure, ila majina na tarehe za kuzaliwa hutumwa mapema na siku hiyo kila mtu anabeba pasipoti. Herufi moja ikikosewa kwenye orodha, mwanafunzi anaweza kubaki mlangoni.

Alhamisi ni siku ya Bernauer Straße, palipobaki kipande cha ukuta pamoja na ule ukanda wa kifo nyuma yake, eneo lililolindwa ili watu wasitoroke. Kikieleweka, teremkeni Brunnenstraße kuelekea Rosenthaler Platz mpaka namba 193, mkitazama chini. Kwenye lami ya waenda kwa miguu kuna kibamba cha shaba cha sentimita kumi kwa kumi, kimoja kati ya maelfu ya “mawe ya kujikwaa” yaliyowekwa mbele ya nyumba za watu walioteswa na Wanazi, chama cha Hitler. Hiki ni cha Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, ambaye mwenyewe alikuwa askari mtoto upande wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza. Alifika Berlin 1929 akidai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake, hakulipwa, akabaki. Aliigiza kwenye filamu na kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Alikamatwa 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, akafa Sachsenhausen Novemba 24, 1944. Kibamba ni kidogo na wapita njia ni wengi, kwa hiyo wagawe wanafunzi makundi ya watano. Wengine wangoje pembeni ya ukuta wasizibe njia. Beba kitambaa kikavu, kwani shaba hufifia na kuifuta ni desturi inayoheshimika mjini humo.

Alasiri ya siku hiyo nendeni Museum für Naturkunde, Invalidenstraße. Mifupa ya mjusi mkubwa (dinosaria) iliyo ukumbini, yenye kimo cha zaidi ya mita 13, ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 na kubebwa mabegani hadi pwani. Mjadala wa nani anamiliki nini hauhitaji kuchochewa. Waache waanze wenyewe.

Ijumaa ni Sachsenhausen. Treni ya S1 hadi mwisho wa reli, Oranienburg, kisha mwendo wa dakika 20 hivi kwa miguu. Kikundi kijiandikishe mapema kwa idara ya wageni, mkiomba mwongozaji wa Kiingereza. Eneo ni kubwa na kivuli ni haba, basi kila mtu abebe maji na chakula chake. Zaidi ya watu 200,000 walifungwa humo kati ya 1936 na 1945. Waulize wanafunzi kuhusu njia ya kupimia viatu iliyozunguka uwanja wa kuhesabiwa. Ilitandazwa zege, kokoto, mchanga na vinginevyo, na wafungwa walitembezwa juu yake hadi kilomita 40 kwa siku ili viwanda vijue soli ipi inadumu. Ni mahali pa kusimama kimya dakika tano kabla ya mwongozaji kuendelea.

Jioni hiyo msiweke kitu kingine. Chakula cha moto, mazungumzo ya nusu saa, kulala. Chakula halali Berlin si shida, migahawa ya Waturuki iko kila kona.

Kwenda Kraków

Jumamosi ni ya treni, takriban saa saba kwa ile ya moja kwa moja, na hilo ni jema: baada ya Sachsenhausen watoto wanahitaji siku ya kutazama dirishani. Wekeni nafasi ya viti vya pamoja, na pasipoti ziwe mkononi, kwani kumekuwa na ukaguzi mpaka wa Ujerumani na Poland.

Mkikodi basi badala ya treni, jueni sheria ya madereva wa Ulaya: baada ya saa nne na nusu za kuendesha, dereva lazima apumzike dakika 45, kwa siku asizidi saa tisa, isipokuwa mara mbili kwa wiki anaruhusiwa kumi, na usiku apumzike saa 11, au tisa kwa nadra. Basi lina kifaa kinachorekodi yote. Kumbembeleza dereva “atupeleke mara moja tu” baada ya chakula cha usiku ni kumwomba ahatarishe leseni yake. Ratiba nyingi hufia hapo.

Poland inatumia zloty. Toeni fedha kwenye mashine ya benki halisi, na mashine ikiuliza kama unataka kukatwa kwa sarafu ya kwenu, kataa. Kiwango chao ni kibaya. Wekeni sarafu ndogo pembeni kwa ajili ya vyoo, nchi zote mbili. Plagi zetu za pini tatu hazichomeki. Adapta za pini mbili za duara kumi zinatosha msafara mzima.

Jumapili pitieni Kazimierz, mtaa wa kale wa Wayahudi, kisha mvuke mto Vistula kuingia Podgórze, lilipokuwa geto kuanzia Machi 1941 hadi lilipoangamizwa Machi 1943. Uwanja wa Plac Bohaterów Getta umejaa viti vya chuma vitupu, kumbukumbu ya Wayahudi wa geto hilo. Kona ya uwanja kuna duka la dawa la zamani, Apteka pod Orłem, sasa makumbusho madogo. Makumbusho ya kiwanda cha Schindler, Mjerumani aliyewaokoa wafanyakazi wake Wayahudi, Lipowa 4, yana nafasi chache kwa saa. Tiketi zinunuliwe wiki kadhaa kabla au msipange kabisa.

Auschwitz

Jumatatu. Kuingia ni bure lakini kibali huwa na jina, na kikundi hulazimika kuwa na mwongozaji wa makumbusho, ambaye hulipiwa. Wekeni nafasi mara tu tarehe zikijulikana. Uongozi wa makumbusho unashauri watoto wa chini ya miaka 14 wasipelekwe, na ushauri huo ufuatwe.

Kodini basi la siku nzima. Ni kama kilomita 70, saa moja na nusu. Fikeni nusu saa kabla, maana kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege na saa ya kikundi haisubiri. Mkoba wowote uliozidi karatasi ya A4 ubaki kwenye basi. Ziara ya kawaida ni saa tatu na nusu, ikihusisha kambi ya kwanza na Birkenau iliyo kilomita tatu hivi kutoka hapo. Ziara ya masomo ya saa sita ni bora, lakini kwa wenye miaka 17 kwenda juu tu. Wadogo huchoka na uchovu wao huonekana kama dharau. Nyweni chai nzito ya asubuhi, si chakula cha mchana katikati ya ziara.

Picha zinaruhusiwa bila mwanga wa kamera, isipokuwa kwenye chumba chenye nywele za waliouawa na chini ya jengo namba 11. Sisi tungeshauri simu zibaki mfukoni kambi yote ya kwanza. Katika jengo namba 5, nyuma ya kioo, kuna rundo la masanduku ya safari. Wenyewe waliyaandika kwa rangi majina, miji na tarehe za kuzaliwa, kwa sababu waliambiwa watayachukua baadaye. Mpe kila mwanafunzi kazi moja tu ya siku: achague jina moja na aliandike kwenye daftari kama lilivyo. Watu wapatao milioni 1.1 waliuawa hapo, karibu milioni moja kati yao Wayahudi, na tarakimu hiyo haimwingii mtu yeyote. Sanduku moja linaingia.

Mwanafunzi akizidiwa, mwalimu wa tatu anatoka naye, hamsubiri wala hamuulizi mbele ya wenzake. Atakayecheka si lazima awe mkorofi. Wengine hucheka wakiogopa. Jumanne asubuhi iwe ya taratibu: uwanja wa Rynek, tarumbeta ya kila saa kutoka mnara wa kanisa la Mt. Maria, kasri la Wawel. Msiujaze muda huo kwa shughuli nyingine.

Kuhesabu, kupotea na saa

Hesabu kwa namba, si kwa macho. Mwalimu anasema “namba”, kila mmoja anataja yake, moja hadi 23. Inachukua sekunde 15. Hesabuni kabla ya kupanda, baada ya kushuka, na kila mnapotoka jengo.

Milango ya treni za chini ya ardhi haisubiri. Aliyeachwa asimame palepale. Waliopita washuke kituo kinachofuata, mwalimu mmoja arudi. Kanuni hii ifanyiwe mazoezi siku ya kwanza, kwani shida huja pande zote mbili zikianza kutafutana. Namba ya dharura ni 112 nchi zote. Pasipoti ikipotea, taarifa ya polisi kwanza, kisha ubalozi. Tanzania na Kenya zote zina balozi Berlin.

Na saa. Tiketi inasema 14:30, mwalimu anatangaza “saa nane na nusu”, mwanafunzi aliyezoea simu ya Kiingereza anaandika 8:30 na anafikiri ni usiku. Amueni tangu Dar au Nairobi kwamba muda wote wa msafara utatajwa kwa tarakimu nne za tiketi, “kumi na nne thelathini”, hata mezani. Siku mbili za kwanza mtachekana.

Jumatano, treni ya Kraków hadi Warsaw ni saa mbili na nusu hivi. Pandeni ile itakayowafikisha uwanja wa ndege saa nne kabla ya kuruka. Vipande vya tiketi za ndege msivitupe. Mfumo mpya wa mpakani huchukua picha na alama za vidole badala ya kugonga muhuri, na hivyo vipande ndivyo ushahidi wa karatasi kwamba wote 23 mlirudi, mtakapoomba viza ya msafara wa mwakani.